Udhibiti wa Sukari ya Damu na Ugonjwa wa Retina kwa Watu Wenye Kisukari: Historia ya Mjadala, 1851–1998

1.0 Utangulizi

Katika kliniki nyingi za kisukari leo, mgonjwa huelezwa kwamba kuidhibiti sukari ni kuyalinda macho. Kauli hiyo husikika kama jambo la wazi lisilohitaji ushahidi. Historia inaonesha vinginevyo. Kwa takribani miaka 70 baada ya insulini kupatikana, madaktari waliobobea hawakukubaliana kama sukari nyingi katika damu ndiyo iliyoharibu macho. Baadhi yao waliamini kwamba mgonjwa aliyeshika masharti angeokoka. Wengine walishikilia kwamba upofu ulikuwa sehemu ya ugonjwa wenyewe, ambao ungefika kwa wakati wake hata mgonjwa angejitahidi vipi.

Insha hii inafuatilia mjadala huo tangu jicho lilipoanza kuchunguzwa kwa ndani hadi majaribio makubwa ya miaka ya 1990 yalipotoa jibu. Hoja yake kuu ni kwamba mjadala ulirefuka kwa sababu ya kukosekana kwa kipimo. Madaktari waliweza kuiona athari katika jicho, lakini hawakuweza kujua sukari ya mgonjwa ilikuwa katika kiwango gani kwa majuma na miezi aliyokuwa nyumbani kwake. Katika pengo hilo, hukumu ilitangulia ushahidi, na mara nyingi aliyehukumiwa alikuwa mgonjwa.

2.0 Jicho Laanza Kuonekana kwa Ndani

Kabla ya mwaka 1851, sehemu ya ndani ya jicho la mtu aliye hai ilikuwa giza kwa daktari. Mwaka huo mwanasayansi wa Kijerumani Hermann von Helmholtz alichapisha maelezo ya ofthalmoskopu, chombo kilichopeleka mwanga ndani ya mboni na kumwezesha mchunguzi kuona retina, yaani utando wa nyuma ya jicho unaoupokea mwanga na kupeleka taarifa kwenye ubongo. Muda mfupi baadaye, katikati ya miaka ya 1850, Eduard Jaeger wa Vienna alieleza madoa aliyoyaona katika retina ya mtu mwenye kisukari. Albrecht von Graefe wa Berlin, aliyekuwa miongoni mwa mabingwa wakubwa wa macho wa enzi hiyo, hakukubali kwamba uhusiano wa madoa hayo na kisukari ulikuwa umethibitishwa.

Shaka ya Graefe haikuwa ya kipuuzi. Watu wenye kisukari walioishi muda wa kutosha hadi retina zao zikaharibika walikuwa hasa watu wa makamo na wazee, na wengi wa rika hilo walikuwa pia na shinikizo la juu la damu na mishipa iliyokakamaa. Haikuwa rahisi kusema doa fulani lilitokana na sukari na si umri. Watoto na vijana, ambao wangeweza kulitatua fumbo hilo kwa kuwa mishipa yao ilikuwa bado michanga, walikufa mapema. Kisukari cha utotoni kiliua baada ya miezi au miaka michache, na retina huhitaji miaka kadhaa ya sukari nyingi kabla ya kuonesha dalili.

Hata hivyo maelezo yaliendelea kukusanywa. Mwaka 1876 Wilhelm Manz alieleza hali ambayo mishipa mipya na utando wa kovu huota juu ya retina. Mwaka 1890 Julius Hirschberg wa Berlin alijaribu kuziainisha athari hizo katika makundi. Ugonjwa wa retina ulipata sura, ingawa chanzo chake kilibaki mahali pa ubishi.

3.0 Insulini na Upofu Uliofichuliwa

Mnamo Januari 1922, katika mji wa Toronto nchini Kanada, kijana wa miaka 14 aitwaye Leonard Thompson alidungwa dondoo la kongosho lililotokana na kazi ya Frederick Banting, Charles Best, J. J. R. Macleod na James Collip. Baada ya dondoo hilo kusafishwa zaidi, sukari yake ilishuka na nguvu zikamrudia. Ugonjwa uliokuwa hukumu ya kifo kwa watoto ukawa ugonjwa wa kuishi nao.

Furaha hiyo ilikuwa na upande wa pili ambao haukuonekana mara moja. Watoto waliookolewa katika miaka ya 1920 walikua, wakasoma, wakaoa na kuolewa. Walipofikisha miaka 15 au 20 ya kuishi na kisukari, baadhi yao wakaanza kupoteza uwezo wa kuona. Insulini haikuleta upofu huo. Iliurefusha uhai hadi ukafikia mahali ambapo upofu ungeweza kujitokeza.

Jambo hilo lilibadili pia hoja ya kitabibu. Retina zilizokuwa zikivuja damu sasa zilikuwa za watu wa miaka 25 au 30, wengi wao wakiwa hawana shinikizo la juu la damu, na dai kwamba chanzo ni uzee likapoteza nguvu. Katika miaka ya 1940 Arthur Ballantyne wa Glasgow na mwenzake Arnold Loewenstein walionesha kwamba ugonjwa huanza katika kapilari, mishipa midogo kuliko yote, ambamo kuta huvimba na kufanya vifuko vidogo. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 David Cogan na Toichiro Kuwabara, waliofanya kazi Boston, waliongeza kwamba seli zinazozishikilia kuta za kapilari hizo hufa mapema kwa mtu mwenye kisukari. Mahali pa jeraha pakajulikana. Swali likawa: je, jeraha hilo linaletwa na sukari yenyewe, na kama ndivyo, je, linazuilika?

4.0 Mjadala Usio na Mizani

Pande mbili zilijitokeza waziwazi nchini Marekani. Upande mmoja uliongozwa na Elliott Joslin wa Boston. Joslin alifundisha kwamba mgonjwa anapaswa kupima chakula chake, kudunga insulini kwa saa, kufanya mazoezi na kupima mkojo mara nyingi kwa siku. Kuanzia mwaka 1947 wagonjwa walioishi miaka 25 bila athari za kisukari walitunukiwa medali ya ushindi. Kwa mtazamo wa Joslin, nidhamu ilikuwa dawa sawa na insulini.

Upande wa pili ulisemewa na Edward Tolstoi wa New York. Tolstoi aliona kwamba maadamu mgonjwa alikuwa na nguvu, hapungui uzito na hana ketoni, hapakuwa na sababu ya kumnyima chakula alichokipenda wala kuhangaika na sukari iliyoonekana katika mkojo wake. Aliuliza kwa nini watu wapewe maisha ya kifungo kwa ajili ya faida ambayo hakuna aliyeithibitisha.

Pande zote mbili zilikuwa na wagonjwa wa kuwatolea mfano. Wapo waliofuata kila agizo na bado wakapofuka, na wapo walioishi watakavyo na kubaki na macho mazima. Mifano ya namna hiyo haikuweza kuamua chochote, kwa kuwa hakuna aliyejua kwa hakika nani alikuwa amedhibiti sukari yake na nani hakudhibiti. Kipimo kilichotumika nyumbani kilikuwa cha mkojo, na sukari haionekani katika mkojo mpaka kiwango chake katika damu kivuke takribani milimoli 10 kwa lita. Mtu mwenye milimoli 9 mchana kutwa alionekana msafi sawasawa na mwenye milimoli 5. Kipimo cha damu cha kliniki nacho kilisema habari ya saa ile tu. Mgonjwa angeweza kujinyima siku mbili kabla ya miadi na kusifiwa kwa udhibiti ambao hakuwa nao, na mwingine angeweza kulaumiwa kwa asubuhi moja mbaya.

Hapa ndipo uzito wa kibinadamu wa mjadala unapodhihirika. Pale nidhamu inapohubiriwa bila kipimo cha kuaminika, upofu hugeuka kuwa ushahidi wa kosa: aliyepofuka huhesabiwa kuwa hakutii. Upande wa pili, pale udhibiti unapopuuzwa kwa sababu haujathibitishwa, mgonjwa hunyimwa kinga anayoweza kuihitaji. Wagonjwa wa miaka ya kati ya karne ya 20 waliishi kati ya makosa hayo mawili.

Juhudi za kukusanya ushahidi mpana hazikukosekana. Jean Pirart wa Brussels aliwafuatilia wagonjwa 4,400 kuanzia mwaka 1947 hadi 1973, na akabaini kwamba athari za macho, figo na neva ziliongezeka kwa wale ambao sukari yao ilikuwa juu kwa muda mrefu. Lakini Pirart aliwatazama wagonjwa kama walivyokuwa, hakuwagawa. Mpinzani aliweza kujibu kwamba wale walioweza kuidhibiti sukari walikuwa na ugonjwa mwepesi tangu mwanzo. Nao utafiti wa vyuo vikuu vya Marekani uitwao UGDP, uliohusisha zaidi ya watu 1,000 wenye kisukari cha ukubwani na kuchapishwa kuanzia mwaka 1970, haukuonesha kwamba matibabu ya kushusha sukari yalizuia athari za mishipa. Ulizua ugomvi mkali na kuwaacha wengi katika shaka ileile.

5.0 Tiba Zilizotangulia Jibu

Wakati wanazuoni wakibishana, watu waliendelea kupofuka, na madaktari walilazimika kutenda. Mwaka 1953 daktari wa Denmark, Jacob Poulsen, alieleza habari za mwanamke mwenye kisukari ambaye retina zake zilipata nafuu baada ya tezi yake ya pituitari kuharibika kufuatia uzazi. Katika muongo huohuo wapasuaji, wakiwemo Rolf Luft na Herbert Olivecrona wa Stockholm, walikuwa wakiiondoa tezi hiyo kwa wagonjwa wenye athari kali za kisukari. Baadhi ya macho yalinusurika, lakini gharama ilikuwa kubwa. Mgonjwa alibaki akihitaji homoni za kutoka nje maisha yake yote, na sukari yake iliweza kushuka ghafla na kumuua. Kwamba upasuaji wa namna hiyo ulikubalika ni kielelezo cha jinsi upofu ulivyoogopwa.

Tiba iliyodumu ilitoka kwenye mwanga. Nchini Ujerumani, Gerd Meyer-Schwickerath alitafakari majeraha ya retina waliyoyapata watu waliotazama kupatwa kwa jua mwaka 1945, akawaza kwamba mwanga ulio na uwezo wa kuunguza ungeweza pia kutibu. Kutoka kwenye mwanga wa jua alihamia kwenye taa kali ya ksenoni, na wengine baadaye wakatumia leza. Jaribio kubwa la Marekani, lililohusisha wagonjwa zaidi ya 1,700, lilitibu jicho moja la kila mgonjwa na kuliacha la pili kwa ulinganisho. Mwaka 1976 lilitangaza kwamba tiba hiyo ilipunguza hatari ya upotevu mkubwa wa uoni kwa zaidi ya nusu.

Mafanikio hayo yalikuwa na maana mbili. Kwanza, yaliokoa macho ya watu wengi bila kusubiri swali la sukari lijibiwe. Pili, yalifundisha mbinu: kuwagawa wagonjwa au macho kwa kura, kuzipiga picha retina na kuzisomesha kwa watu wasiojua nani amepata tiba gani. Mbinu hiyo ndiyo iliyokuja kutumika kulijibu swali lenyewe.

6.0 Kipimo Chapatikana

Mwaka 1968 huko Tehran, Samuel Rahbar alikuwa akichunguza aina za himoglobini, kiini chekundu cha damu, alipoona kwamba watu wenye kisukari walikuwa na sehemu ya himoglobini isiyo ya kawaida kwa wingi wake. Ilibainika kwamba sukari hujibandika yenyewe kwenye himoglobini, na kadiri sukari inavyokuwa nyingi ndivyo inavyojibandika zaidi. Kwa kuwa chembe nyekundu huishi takribani siku 120, kiasi cha himoglobini iliyobandikwa sukari hutunza kumbukumbu ya wastani wa miezi miwili hadi mitatu iliyopita. Mwaka 1976 Ronald Koenig, Charles Peterson, Anthony Cerami na wenzao walionesha kwamba kipimo hiki, kiitwacho himoglobini A1c, hupanda na kushuka kufuatana na udhibiti wa sukari.

Katika miaka hiyohiyo wagonjwa walianza kupima damu ya kidole nyumbani, na pampu za insulini zikaanza kujaribiwa. Kwa mara ya kwanza ikawezekana kuishusha sukari karibu na kiwango cha kawaida kwa muda mrefu, na pia kuthibitisha kwamba kweli imeshuka. Wanyama nao walitoa fununu. Mwaka 1977 Ronald Engerman wa Wisconsin na wenzake waliripoti kwamba mbwa wenye kisukari waliodhibitiwa vizuri kwa miaka mitano walikingwa kwa kiasi kikubwa dhidi ya ugonjwa wa retina. Mwaka 1987 Engerman na Timothy Kern waliongeza jambo la kutia wasiwasi: udhibiti mzuri ulipocheleweshwa kwa miaka miwili na nusu, ugonjwa uliendelea hata baada ya sukari kutengemaa.

7.0 Tahadhari ya Mwaka 1984 na Jibu la Mwaka 1993

Majaribio ya kwanza kwa binadamu yaliwashtua watafiti. Utafiti uliojulikana kwa jina la Kroc, uliochapishwa mwaka 1984, uliwafuatilia wagonjwa 70 kwa miezi minane. Wale waliotumia pampu na kupata sukari nzuri zaidi ndio ambao retina zao ziliharibika zaidi. Kama mjadala ungefungwa hapo, Tolstoi angehesabiwa mshindi.

Haukufungwa, kwa sababu jaribio kubwa zaidi lilikuwa limekwisha kuanza. Tangu mwaka 1983 Jaribio la Udhibiti na Athari za Kisukari, lijulikanalo kwa kifupi kama DCCT, lilisajili watu 1,441 wenye kisukari cha aina ya 1, wa umri wa miaka 13 hadi 39, katika vituo 29 vya Marekani na Kanada. Waligawanywa kwa kura. Kundi moja lilidunga insulini mara moja au mbili kwa siku kama ilivyokuwa desturi. La pili lilidunga mara tatu au zaidi, au lilitumia pampu, na kupima sukari angalau mara nne kila siku. Himoglobini A1c ya kundi la kwanza ilikaa karibu na asilimia 9, na ya kundi la pili karibu na asilimia 7. Tofauti kati ya makundi haikuwa tena ya madai, bali ya tarakimu.

Matokeo yalitangazwa Juni 1993, baada ya jaribio kusimamishwa kabla ya muda wake kwa kuwa jibu lilikuwa wazi. Kwa wastani wa miaka 6.5, udhibiti makini ulipunguza kwa asilimia 76 hatari ya ugonjwa wa retina kwa wale ambao hawakuwa nao mwanzoni, na kwa asilimia 54 kuendelea kwake kwa wale waliokuwa nao katika hatua za awali. Uharibifu wa muda ulioonekana mwaka 1984 ulijitokeza tena katika mwaka wa kwanza kwa baadhi ya wagonjwa, kisha faida ikaupita. Kwa wale ambao hawakuwa na ugonjwa mwanzoni, makundi yalihitaji takribani miaka mitatu kabla ya kutofautiana. Utafiti wa miezi minane ulikuwa umesema kweli, lakini ulikuwa umeifunga pazia mapema mno.

Jibu hilo halikuja bila gharama. Matukio makali ya kushuka kwa sukari yalikuwa takribani mara tatu zaidi katika kundi la udhibiti makini. Aidha, washiriki walisaidiwa kwa karibu na wauguzi, wataalamu wa lishe na madaktari, kiwango cha huduma ambacho wagonjwa wengi duniani hawakuwa nacho. Ufuatiliaji uliofuata ulionesha kwamba hata baada ya himoglobini A1c ya makundi yote mawili kukaribiana, waliodhibitiwa mapema waliendelea kuwa na macho bora kwa miaka mingi. Mwili ulikuwa umeitunza kumbukumbu ya miaka ya mwanzo.

Kwa kisukari cha aina ya 2, jibu lilitoka Uingereza mwaka 1998 kupitia utafiti wa UKPDS ulioongozwa na Robert Turner wa Oxford. Udhibiti makini, wenye himoglobini A1c ya asilimia 7.0 ukilinganishwa na 7.9, ulipunguza athari za mishipa midogo kwa asilimia 25, hasa kwa kupunguza uhitaji wa tiba ya leza. Utafiti huohuo ulionesha kwamba kulishusha shinikizo la damu kulipunguza kuharibika kwa retina kwa asilimia 34. Hivyo wale wa karne ya 19 waliolishuku shinikizo la damu hawakuwa wamekosea kabisa. Walikuwa wameishika sehemu moja ya ukweli.

8.0 Upande wa Dar es Salaam

Historia hii haikusonga kwa mwendo mmoja kila mahali. Wakati washiriki wa DCCT wakihesabu vidoa katika picha za retina, Donald McLarty na wenzake waliwafuatilia wagonjwa wapya 1,250 wa kisukari walioandikishwa katika Hospitali ya Muhimbili kati ya mwaka 1981 na 1987. Ripoti yao, iliyochapishwa mwaka 1990, ilionesha kwamba miongoni mwa waliohitaji insulini, ketoni na maambukizi bado yalikuwa sababu kubwa za vifo. Kwa maneno mengine, sehemu ya wagonjwa hao ilikuwa bado katika hatua ambayo Toronto iliivuka mwaka 1922. Mtu asiye na uhakika wa chupa ya insulini ya mwezi ujao hawezi kufaidi jibu la mwaka 1993, na macho yake hayatapata hata muda wa kuugua.

9.0 Hitimisho

Mjadala kuhusu sukari na macho ulihitaji vitu vitatu ili ufikie mwisho: chombo cha kuliona jicho, dawa ya kuurefusha uhai, na kipimo cha kuitambua sukari ya miezi iliyopita. Viwili vya kwanza vilipatikana mapema. Cha tatu kilichelewa, na katika miaka ya kukikosa, imani na lawama ndizo zilizoshika nafasi ya ushahidi.

Mafunzo yaliyotokana na safari hiyo ni ya wazi. Udhibiti hukinga macho, lakini faida yake huja polepole na huwa kubwa zaidi unapoanza mapema. Retina inapaswa kuchunguzwa kabla ya sukari kushushwa kwa kasi, na kuendelea kuchunguzwa baadaye, kwa kuwa jicho linaweza kuharibika bila mgonjwa kuhisi maumivu wala kuona tofauti. Nchini Uingereza, ambako udhibiti uliunganishwa na uchunguzi wa retina wa kila mara, takwimu za mwaka 2009 na 2010 zilionesha kwamba ugonjwa wa retina wa kisukari haukuwa tena sababu kuu ya upofu kwa watu wa umri wa kufanya kazi, jambo ambalo halikuwa limeonekana kwa angalau miongo mitano. Kwa hiyo upofu wa mwenye kisukari hauwezi kusomwa kama hati ya makosa yake. Unapaswa kusomwa pamoja na orodha ya alichopewa na alichonyimwa: insulini, kipimo, na daktari wa kulitazama jicho lake kwa wakati.